Saa ya Babu na Kamani Inayoteleza



Juma hili nawaletea kisa cha nyumbani kwetu Ngoingwa, Thika, tulikohamia kutoka Mombasa. Baba mkwe ana Seiko 5 ya zamani, saa isiyo na betri, inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Miaka yote yeye ndiye aliyetuamsha kwa sala ya Alfajiri. Mwezi uliopita saa ilisimama usiku mara tatu, naye akiitazama hudhani usiku ungali mwingi. Mara ya tatu aliivua, akaitia katika mtoto wa meza, akasema, "Mimi na saa hii sote tumechoka."

Fundi mmoja alituambia kamani inateleza, tununue saa mpya. Lakini kuteleza peke yake si ugonjwa. Kamani ni utepe wa chuma uliozongwa ndani ya kikasha cha mviringo. Katika saa ya kutia ufunguo kwa vidole, ncha yake ya nje hunaswa kwenye ukuta wa kikasha; ikijaa, ufunguo hukataa. Katika saa ya otomatiki ncha hiyo hushika ukuta kwa msuguano tu. Kamani ikijaa huteleza kidogo ili isizidiwe, maana mkono wa mvaaji haukomi kutembea. Ugonjwa ni kuteleza kabla ya kujaa.

Utautambuaje? Nilimpa mwanangu aivae kutwa, shuleni na uwanjani. Saa 2 usiku nikaiweka juu ya kabati bila kuigusa. Saa nzima ya namna hii hudumu kiasi cha saa 40. Yetu ilisimama keshokutwa yake, karibu na Adhuhuri. Kamani haikuwa na kosa.

Lau ingesimama baada ya saa 10 au 15, ningemtafuta fundi asafishe mitambo, kisha apake ukuta wa kikasha grisi nzito ya kuzuia utelezi. Mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, huifanya kamani iteleze mapema. Nayo ikiwa imechoka, hubadilishwa yenyewe, saa haitupwi. Msifungue kikasha nyumbani, kwani kamani ikifyatuka hujeruhi.

Basi kosa lilikuwa wapi? Tangu magoti yamwume, babu hukaa barazani kutwa nzima. Mkono usiotembea haujazi kamani. Sisi tuliitazama saa, hatukumtazama mwenyewe.

Sasa kila jioni mjukuu wake humshika mkono, wakatembea taratibu hadi mwisho wa njia na kurudi. Kabla ya kulala huitikisa saa polepole kwa dakika chache. Jana Alfajiri nilisikia mlango ukigongwa, na sauti niliyoikosa kwa mwezi mzima.