SAYANSI NYUMBANI: Kuna nini ndani ya sindano ya mtoto?

Leo nakuomba tufunge safari hadi Moding, upande wa Malaba katika kaunti ya Busia. Ni siku ya kliniki. Kina mama wamepanga foleni, watoto wamepakatwa, kadi ziko mkononi. Mmoja amerudi juzi tu kutoka ng'ambo ya mpaka, alikokuwa amekwenda kujifungulia kwa mamake. Muuguzi anatoa kichupa kwenye kisanduku cha baridi, mtoto anadungwa pajani, analia, anabembelezwa, na safari ya kurudi nyumbani inaanza.

Njiani mama anajiuliza: mle kichupani mlikuwa na nini? Na nani alihakikisha kwamba kilichomo ndicho?

Swali hilo si la ujinga. Mzazi asipopata jibu kwa wanaojua, atalipata sokoni kwa wasiojua, na siku ya sindano ya pili huenda akabaki nyumbani. Basi tulijibu leo.

Koti la sukari

Miongoni mwa vilivyomo ni sukari iliyofungwa kwenye protini. Usicheke! Si sukari ya chai. Kuna bakteria aitwaye Hib ambaye huwaletea watoto wadogo kichomi na homa ya uti wa mgongo. Bakteria huyu hujivika koti lililofumwa kwa sukari, na koti hilo humkinga dhidi ya askari wa mwili. Askari wakifundishwa kulitambua koti mapema, mwizi atakamatwa mlangoni.

Shida ni kwamba mwili wa mtoto wa chini ya miaka 2 haujifunzi vizuri ukionyeshwa sukari peke yake. Mwaka 1980, Rachel Schneerson na John Robbins huko Marekani walionyesha njia ya kulifunga koti la Hib kwenye protini, kwa mfano sumu ya pepopunda iliyokwisha kuondolewa makali. Mwili huiona protini, hushtuka, na hulikumbuka koti pia. Chanjo ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kenya iliingiza kinga ya Hib katika chanjo za kawaida za watoto mwaka 2001, na Uganda mwaka 2002. Ndiyo hiyo sindano ya magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na Hib.

Je, ilisaidia? Watafiti wa Kilifi, Pwani, walihesabu wagonjwa kabla na baada. Katika muda wa miaka 3 hivi, ugonjwa mkali wa Hib kwa watoto wa chini ya miaka 5 ulikuwa umepungua kwa asilimia 88.

Muhogo na gunzi

Sasa tuje kwenye swali la pili. Kiwandani watajuaje kwamba sukari waliyoitengeneza ndiyo ya koti lenyewe, si nyingine inayofanana nayo?

Protini ni kama uzi wa shanga. Shanga zake huitwa asidi amino, nazo ni za aina 20 hivi. Hufuatana moja baada ya nyingine, kisha uzi mzima hujikunja na kupata umbo lake. Sukari ina ujanja zaidi. Chukua glukosi mbili tu: zaweza kushikana mikono kwa njia 11 tofauti! Tena minyororo yake huweza kutoa matawi.

Mfano uko jikoni kwako. Wanga wa ugali wa muhogo umejengwa kwa glukosi. Selulosi iliyomo kwenye gunzi la mahindi pia imejengwa kwa glukosi. Ugali unakushibisha, gunzi unatupa motoni. Tofauti kubwa ni jinsi glukosi zilivyoshikana. Kwa hiyo kupima uzito hakutoshi; ni lazima uone namna ya kushikana.

Kusikiliza atomu

Hapo ndipo inapoingia spektroskopia ya mwangwi wa sumaku. Jina ni refu lakini jambo lenyewe halitishi. Kiini cha kila atomu ya haidrojeni ni kama kisumaku kidogo. Kiweke ndani ya sumaku yenye nguvu nyingi, kipigie mawimbi ya redio, nacho kitajibu. Atomu zilizo jirani hubadilisha jibu hilo kidogo, kwa hiyo haidrojeni za mahali tofauti hujibu kwa masafa tofauti.

Wewe wa Malaba unaelewa haraka. Ukizungusha kitufe cha redio unapata stesheni za Kenya, ukisogeza kidogo unapata za Uganda. Mashine hii hupokea stesheni zote kwa pamoja na kuchora chati ya vilele. Kila koti la sukari lina chati yake, mfano wa alama za vidole. Wanaopima chanjo huilinganisha chati ya sukari mpya na ile inayojulikana.

Felix Bloch na Edward Purcell waligundua mwangwi huu mwaka 1946, kila mmoja kwa njia yake, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Kurt Wüthrich wa Uswisi aliutumia kuchora maumbo ya protini zikiwa majini, karibu na zilivyo mwilini, naye akatuzwa mwaka 2002. Mashine kubwa ya hospitali inayopiga picha ya ubongo ni ndugu yake.

Chukua bakteria mwingine wa homa ya uti wa mgongo, wa aina ya A. Koti lake lina vifungo vidogo viitwavyo asetili. Vifungo hivyo vikidondoka wakati wa kutengeneza chanjo, sukari inabaki lakini mwili unajifunza koti lisilo lenyewe. Jicho halioni. Mashine huvisikia vifungo vikiwapo, na huona pengo visipokuwapo.

Kazi iliyobaki

Hata hivyo, msomaji wangu, sumaku haikamilishi kila kitu. Kuna vipimo vingine vya usafi na usalama. Mashine ya kiwandani haijui kama kichupa kilipata joto njiani kuja Moding. Hiyo ni kazi ya wanaotunza baridi. Tena haiwezi kumbeba mtoto wako hadi kliniki.

Sindano hii hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ratiba hiyo ni moja Kenya na Uganda, kwa hiyo kuvuka mpaka si sababu ya kukatiza. Iweke kadi ndani ya mfuko wa nailoni, safiri nayo, na umwonyeshe muuguzi wa upande wowote uliko. Kama una shaka, muulize yeye kabla ya kumuuliza jirani.

Nawe mwanafunzi unayelalamika kwamba kemia haina faida, kumbuka ni kemia iliyohesabu vifungo vya koti la kijidudu. Haba na haba hujaza kibaba: sindano ya kwanza peke yake haijazi. Jumapili njema.