UKIFUKUZA WALINZI, USISHANGAE VIBAKA WAKIINGIA

Leo mada yangu ina mambo ya ndani, kwa hiyo kama umebanwa kwenye Hiace na jirani anachungulia, isome kimoyomoyo.

Tuanze na kikwapa. Mura umepiga shati la nguvu, viatu vinang'aa, lakini ukinyanyua mkono kumsalimia demu, demu anageukia dirishani. Wengi mnalisingizia jasho. Jasho mnalionea bure! Likitoka mwilini halina harufu ya kumkimbiza mtu. Harufu inaletwa na bakteria wanaoishi kwapani, ambao wanakula vilivyomo kwenye hilo jasho na kuacha uvundo.

Na hawapo kwapani tu. Wapo mdomoni, puani, kwenye ngozi, na kundi kubwa kuliko yote limejazana kwenye utumbo mpana. Mwaka 2016 wataalamu wa Taasisi ya Weizmann ya Israel walipiga hesabu wakasema mwanaume wa kilo 70 ana bakteria wapatao trilioni 38, wakati chembe za mwili wake mwenyewe ni kama trilioni 30. Wapangaji wamempita mwenye nyumba kwa idadi! Ila ni wadogo mno, wote kwa pamoja ukiwapima ni kama gramu 200 tu.

Usianze kujikuna. Wengi wao ni watu wa maana. Wanashughulikia mabaki ya mboga na maharage ambayo tumbo lako limeyashindwa, wanatengeneza vitamini K, na wanajaza nafasi ili wadudu wabaya wakose pa kukaa. Unajua nyumba ya kupanga? Vyumba vyote vikiwa na wapangaji waungwana, kibaka akija anaambiwa hakuna chumba.

Wazungu wanatamani hazina hii tuliyonayo. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha vinyesi (samahani kama unakula) vya Wahadzabe 27 wa kule Ziwa Eyasi na vya Waitaliano 16 wa mji wa Bologna. Wahadzabe, wanaokula mizizi, asali, matunda na nyama ya porini, walikutwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Utafiti mwingine uliotoka mwaka 2017 ukaonyesha kuwa bakteria wao wanabadilika na misimu. Kuna wanaotoweka masika na kurudi kiangazi chakula kikibadilika. Hapo ndipo ujue tumbo ni shamba, linaota kulingana na unachopanda.

Sasa tatizo letu vijana wa mjini, na wa huku mgodini tunaojiona wa mjini, ni kwamba tumeambiwa bakteria ni adui, basi. Ukipiga chafya, rangi mbili. Kichwa kikiuma, rangi mbili. Kuna masela wanatoka kwa demu usiku, asubuhi wanameza rangi mbili mbili eti kuzuia gono. Jamani! Dozi isiyoeleweka haikukingi na gono, inawafundisha wadudu ukaidi tu, na virusi vya UKIMWI haviguswi kabisa na vidonge hivyo.

Sikilizeni kisa cha binti mmoja wa hapa hapa, jina kapuni. Alishikwa na mafua, akanunua rangi mbili nne, akameza. Mafua yanaletwa na virusi na dawa hizo haziui virusi, kwa hiyo mafua yakaisha yenyewe kwa muda wake. Vidonge navyo havikukaa bure, vikaenda kuwafagia walinzi wake. Wiki haijaisha akaanza kuwashwa sehemu za siri. Kumbe fangasi kidogo huwa wapo siku zote, wanabanwa tu na bakteria wema. Walinzi walipoondoka, fangasi wakatanua.

Akamwendea shoga yake. Shoga, badala ya kumwambia nenda zahanati, akampa utaalamu wa vichochoroni: jioshe ndani kwa sabuni, maliza na ndimu. Binti akajikwangua asubuhi na jioni. Baada ya siku chache harufu ikageuka kuwa shombo la samaki. Mchumba akawaka, akasema unachepuka wewe, umeniletea magonjwa. Uchumba wa miaka miwili ukabaki kuning'inia kwenye uzi.

Alipokuja kwangu analia nikamsindikiza kwa mganga wa kweli, yule mwenye koti jeupe. Vipimo vikafanyika, gono hamna, kaswende hamna. Alichokuwa nacho ni fangasi, pamoja na vurugu za bakteria wa ukeni. Akatibiwa, na mchumba akaitwa akaelezwa mbele yake.

Nini kilitokea? Ukeni kuna walinzi wanaoitwa laktobasili. Kazi yao ni kutengeneza asidi, na wadudu wengi wakorofi hawaiwezi asidi hiyo. Sabuni ikiingia ndani, asidi inapungua na walinzi wanapukutika. Wakorofi wanazaana na kuleta ile shombo. Dada anaisikia, anaongeza sabuni, shombo nayo inaongezeka. Mchezo wa paka na panya usio na mwisho.

Na hili si suala la harufu peke yake, wadogo zangu. Utafiti uliofanyika Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa letu, ukachapishwa mwaka 1997, ulikuta kwamba wanawake ambao bakteria wao wa ukeni wamevurugika walikuwa na virusi vya UKIMWI kwa wingi kuliko wale ambao walinzi wao walikuwa kamili. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kuwa vurugu hiyo inaongeza hatari ya kuambukizwa. Kwa hiyo anayekupa shabu na ndimu eti umridhishe bwana, anakufungulia mlango usiku na taa amezima.

Kinachonichekesha ni kwamba bibi zetu Wakurya walikuwa wanafuga ndugu wa hao laktobasili kwenye kibuyu. Maziwa mgando yanaganda kwa sababu ya bakteria wa ukoo huo huo na asidi yao. Hata wasomi wamerudi huko. Mwaka 2004 akina mama wa Mabatini, Mwanza, walianza kutengeneza mtindi wenye bakteria rafiki kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Canada, taasisi ya utafiti ya NIMR na shirika la Kivulini. Ila msije mkasema dada kasema mjipake mtindi. Nimesema unywe! Na si dawa ya ugonjwa, ni chakula. Chemsha maziwa kwanza kuua wadudu wa ng'ombe, yakipoa tia kidogo ya jana, yaache yagande.

Kwa hiyo tukubaliane hivi. Kwapa lisugue kwa sabuni kila siku, ukauke, ubadilishe shati, hapo sina ugomvi. Wewe dada, osha nje kwa maji safi, ndani paache, pana wafanyakazi wake. Ukisikia harufu ngeni au muwasho, wahi kituo cha afya. Ukiandikiwa antibayotiki, meza kama ulivyoelekezwa, maana kuna magonjwa yanayoua bila dawa hizo. Usijiandikie mwenyewe dukani. Na wewe mura, ukisikia mwenzio ana harufu, usikimbilie kumwita malaya. Nenda naye mkapimwe wote, huo ndio uanaume.

Wiki ijayo nawaletea wale wanaokopa suti kwa ajili ya harusi. Kama umo, kaa chonjo. Tuonane panapo majaliwa!