Nguo ya Mvua na Nguo ya Jua



Mama mmoja wa upande wa Garsen, ambaye mwanawe hufuata ng'ombe malishoni, ametuletea suali. Asema kwamba katika mitumba ameona majaketi ya kizungu ya namna mbili: moja zito, la kitambaa kigumu kinachonuka nta, na jingine jepesi la nailoni linalolia likikunjwa. Muuzaji amemhakikishia kwamba yote mawili hayaingizi maji. Je, amnunulie mwanawe lipi kabla ya masika? Na je, kijana ataweza kutawadha na kusali huku amevaa jaketi hilo na viatu vyake vya mpira? Suali hili lina fiqhi ndani yake, na lina uhai wa mtoto ndani yake. Nimeona lijibiwe kwa urefu, kwani si mama huyo peke yake mwenye mtoto nyikani.

Jaketi la nta asili yake ni baharini. Mabaharia wa Ulaya ya kaskazini walikuwa wakiyapaka matanga yao mafuta ya mbegu za kitani ili yashike upepo vizuri na yasinywe maji, na vipande vya tanga kuukuu wakavishona makoti. Mafuta yale yalikuwa na ila: kwenye baridi yalikauka yakapasuka, ndipo baadaye wakahamia kwenye nta. Mwaka 1894 mtu aitwaye John Barbour alifungua duka katika bandari ya South Shields, kaskazini mashariki mwa Uingereza, akiwauzia nguo za mvua mabaharia na wavuvi, na jina lake lingali likiandikwa kwenye majaketi hayo hadi leo. Kitambaa chenyewe ni pamba nene iliyoshibishwa nta mpaka kwenye nyuzi. Sifa zake ni za kweli. Mwiba hauipasui upesi, ikitoboka hutiwa kiraka, na mwenye kuipaka nta upya kila baada ya muda aweza kuivaa miaka mingi, kisha akamrithisha mwanawe.

Wazee wetu wa pwani waliijua vyema elimu hii ya kuzuia maji kwa mafuta, ila wao waliitumia kwenye vyombo. Ubao wa jahazi ulipakwa sifa, yaani mafuta ya ini la papa, na chini ya maji ukapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Hata katika Hadithi jambo hili limetajwa. Jabir bin Abdillah amepokea kwamba mwaka wa kufunguliwa Makka, Mtume (SAW) alipotangaza kuharamishwa kwa biashara ya mzoga, aliulizwa kuhusu shahamu ya mzoga, kwa kuwa watu waliitumia kupakia vyombo, kulainishia ngozi na kuwashia taa, naye akakataza. Imamu Nawawi ameeleza kwamba kwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi makatazo hayo ni ya kuiuza, wala si ya kuipaka kwenye chombo. Ama mafuta ya papa hayana shaka, kwani maiti wa baharini ni tohara.

Lakini tazameni jambo moja. Watu hao hao waliojua kuzuia maji kwenye mbao hawakujipaka mafuta kwenye nguo zao. Mvuvi wa Kipini alivaa kikoi, mfugaji alijitanda shuka, mkulima wa kando ya mto alivaa marekani, kitambaa kile cha pamba kilicholetwa na merikebu kutoka Massachusetts katika karne ya 19 mpaka kikapewa jina la nchi kilikotoka. Mvua ikinyesha, waliloa. Ikianuka, walikamua nguo wakaianika, na baada ya saa moja ilikuwa imekauka. Mimi siuoni huo kuwa ujinga. Ni ujuzi wa mahali. Katika Suratun-Nahl, aya ya 81, Mola wetu ametukumbusha neema ya mavazi yanayotukinga na joto. Wafasiri wameuliza kwa nini limetajwa joto bila baridi, na miongoni mwa majibu yao ni kwamba waliokuwa wakisemeshwa walikuwa watu wa nchi ya joto. Nasi tu watu wa nchi hiyo.

Sasa natuliangalie lile jaketi jepesi. Nailoni ilitoka katika maabara ya Wamarekani katika miaka ya 1930, na poliesta ikafuata nyuma yake. Nyuzi hizi ni jamaa za plastiki. Hazinywi maji, hukauka upesi, na bei yake ni ndogo, lakini koti la namna hiyo lililopakwa plastiki huzuia maji pande zote mbili: mvua haiingii na jasho halitoki. Mwaka 1969 Robert Gore, Mmarekani, alivumbua utando wenye vitundu vidogo mno, ambavyo tone la maji halipiti bali mvuke wa jasho hupita. Huo ndio unaotiwa kwenye majaketi ya thamani ya wapanda milima. Ni kazi kubwa ya akili. Ila mvuke hupita tu iwapo ndani ya nguo kuna joto na unyevu zaidi kuliko nje. Kwenye mlima wenye theluji, hilo lipo. Kwenye bonde la Tana mwezi wa Aprili, ambapo hewa yenyewe imejaa maji na joto lapita digrii 30, jasho halina pa kukimbilia. Mtoto atatembea nyuma ya ng'ombe tangu alfajiri, na kufika adhuhuri atakuwa ameloa kwa jasho lake kama ambaye amenyeshewa, na mwili usioweza kujipoza waweza kumwangusha. Jaketi la nta nalo litamfanyia hayo hayo, tena kwa uzito zaidi, na kwenye jua letu nta hulainika ikagandisha vumbi.

Isidhaniwe kwamba naisifu pamba kwa kila hali. Pamba ina ila yake, nayo ni usiku. Ikiloa hushikamana na mwili, na upepo ukivuma huutoa joto haraka. Kijana anayelala nje na mifugo, shuka lake limerowa, atatetemeka hapa hapa Tana River, na asubuhi ataamka na kifua.

Kwa hivyo, mama yangu, usinunue moja kati ya hayo mawili. Mvishe mwanao kanzu fupi au shati la pamba lenye mikono mirefu, lililopwaya. Mtilie mkobani kipande cha nailoni au turubai jepesi la kujifunika mabegani mvua inaponyesha, kilicho wazi ubavuni ili upepo upite, akivue mara mvua inapokatika. Kisha shuka moja kavu, lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiotoboka, lisifunguliwe ila wakati wa kulala. Hivyo vyote pamoja huenda visifikie bei ya jaketi moja. Mikono mirefu nimeitaja kwa makusudi. Baada ya mvua kubwa za 1997 na zile za 2006 mbu walizidi, ikaja homa ya Bonde la Ufa, ikaua mifugo na watu, na wafugaji wa huku ni miongoni mwa waliopatwa.

Na akina mama wenyewe je? Nawaona wanaorudi kutoka mashamba ya mpunga na maembe wamevaa buibui za poliesta nyeusi katikati ya jua, na wengine wanaopikia kuni kwa nguo hizo hizo. Sharia imeamrisha stara: kufunika mwili kwa nguo isiyoangaza na isiyobana. Haikutaja poliesta wala haikulazimisha weusi. Gauni pana la pamba na mtandio wa pamba wenye rangi ya kupoa ni stara iliyotimia, na mwanamke hapungukiwi na heshima yake kwa kwenda nalo shambani. Ama jikoni, jueni kwamba pamba huwaka, na huwaka upesi, lakini poliesta ikishika moto huyeyuka ikagandamana na nyama ya mtu. Mikono mipana ya buibui na moto wa kuni havikai pamoja. Ivueni kabla ya kuinama mekoni.

Hapa nina neno dogo la masikitiko. Pamba ilikuwa ikilimwa katika kaunti yetu hii, Hola na Bura, kwa maji ya Mto Tana. Mwaka 1989 mto ulibadili njia yake, mashamba ya Hola yakakosa maji, na Bura nayo ikadhoofika miaka ile ile. Miradi hiyo imefufuliwa baadaye kwa mazao mengine, na leo tunakaa kando ya mto mrefu kuliko yote ya Kenya tukivaa mafuta ya petroli yaliyosokotwa ng'ambo.

Turudi kwenye sala. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, Mughira bin Shu'ba alimmiminia Mtume (SAW) maji ya kutawadha. Alikuwa amevaa juba la Kishamu lenye mikono iliyobana, akataka kuikunja isikunjike, basi akaitoa mikono yake kwa chini ya juba akaiosha. Kisha Mughira akainama kumvua khofu zake, naye akamwambia aziache, kwani alizivaa miguu ikiwa tohara, akapangusa juu yake. Katika tukio hili moja kuna jawabu la masuali mawili. Jaketi haliondoi fardhi ya kuosha mikono mpaka vifundoni. Hakuna kupangusa juu ya mkono wa nguo, hata liwe jaketi la namna gani na baridi iwe namna gani. Mkono usiokunjika uvuliwe.

Ama viatu vya mpira, yaani gambuti, sharti walizozitaja wanazuoni wetu wa Kishafi kwa khofu ni kwamba ivaliwe baada ya udhu kamili, iwe tohara, ifunike mguu mpaka vifundo vya miguu, iwezekane kutembelewa, na izuie maji yasipenye. Gambuti nzima inatimiza hayo. Mkaazi atapangusa juu yake mchana mmoja na usiku wake, na mwenye safari ya kupunguza sala siku tatu na usiku zake. Lakini mfugaji ana jambo la kuangalia ambalo mtu wa mjini hana: kwetu sisi Mashafi kinyesi cha ng'ombe ni najisi, ingawa nyama yake ni halali. Gambuti iliyokanyaga zizini haifai kupanguswa wala kusaliwa nayo mpaka ioshwe kwanza. Jema la mpira ni kwamba bilauri mbili za maji zatosha, tofauti na ngozi.

Kuhusu mitumba yenyewe, asili ya kila kitu ni tohara, na nguo haiwi najisi kwa shaka. Jaketi la baridi lililojazwa manyoya ya bata, iwapo hujui yalitokaje, halikudhuru. Lakini likiwa na ngozi iliyoandikwa kuwa ni ya nguruwe, liache, kwani ngozi hiyo haitohariki kwa kutengenezwa.

Nimeliacha la mwisho lililo zito zaidi. Tumeyaona mafuriko ya mwisho wa 2023, na tukayaona tena ya Aprili 2024, ambapo mashua ilipinduka kwenye maji ya Tana karibu na Garissa na watu wakapoteza maisha. Masika yakija, wapo watoto wetu watakaovuka kwa mitumbwi kwenda skuli, kwenda malishoni, kwenda hospitalini. Koti zito lililoshiba maji humvuta mtu chini, na gambuti zikijaa maji huwa kama mawe yaliyofungwa miguuni. Jaketi la pekee ninalolisisitiza kwa mto huu ni lile la kuelea, na mzee wa nyumba anayemiliki mtumbwi wa kuvushia watu alihesabu katika gharama za chombo chake, kama anavyohesabu makasia. Mwenye kulikosa asikose kuvua. Kabla ya mguu kuingia mtumbwini, koti livuliwe na gambuti zivuliwe, zishikwe mkononi.

Najua kuna kijana atakayeogopa kuzivua kwa sababu amekwisha kupangusa juu yake na hataki udhu wake uharibike. Basi na ajue: akizivua huku udhu wake ungalipo, linalomlazimu ni kuosha miguu miwili tu. Na hapo alipo, maji ya kuoshea hayatamkosa.

Wallahu aalam.