Makomredi, Tusiende Tena Kikaoni Mikono Mitupu

Mwaka jana kaunti iliita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Chuo chetu tulienda vyama sita, kila chama na fulana zake. Wa mazingira wakaomba miti, wa afya wakaomba vyoo, sisi walimu watarajiwa tukaomba madawati. Karani alipouliza nani ameleta maoni kwa maandishi, tukabaki kutazamana. Tulipiga picha, tukanywa soda, tukarudi hosteli. Bajeti ilipotoka, ombi letu hata moja halikuwemo.

Njiani wengi walilalamika kwamba serikali haisikii. Sawa, lakini ingesikia nini? Vyama sita, sauti sita, karatasi sufuri!

Tutazame Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga huko mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, na mwaka 2016 NEMA ikaupa leseni. Wavuvi waliihofia bahari yao, wengine mashamba, wengine mji wa kale ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kila mtu angeweza kulia kivyake. Lakini vikundi vya wenyeji viliungana chini ya mwavuli wa Save Lamu, wakatafuta mawakili, wakaichambua ripoti ya athari za mazingira, wakaenda mahakama ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu moja kubwa: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ushiriki wa wananchi umo kwenye Katiba, kifungu cha 10.

Najua mtasema wale walikuwa na mawakili, sisi tuna nini? Tuna wanafunzi wa sheria wa kusoma vifungu, wa takwimu wa kupiga hesabu, na sisi wa elimu tunaoweza kumfafanulia mama mboga bajeti kwa Kiswahili akaielewa.

Kigumu ni kingine: kukubali dai la mwenzako litangulie lako. Nami limeniuma. Nilitaka madawati. Lakini shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha, kuna wasichana waliokuwa wakibaki nyumbani siku za hedhi kwa sababu choo hakikuwa na mlango wala maji. Dawati jipya lingewasaidia nini wakiwa nyumbani? Choo chenye maji ni afya, ni mazingira, na ni elimu pia. Hilo ni dai moja ambalo vyama vyote sita vinaweza kutia sahihi.

Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Aprili kuisha. Basi napendekeza viongozi wa vyama wakutane mapema muhula huu, wachague dai moja, waliandike kurasa mbili zenye idadi ya shule na gharama, kisha aende msemaji mmoja. Sisi wengine tukae nyuma yake, na fulana tuziache hosteli.