Bastola ya Bolti Si Upuzi

Wasee, hebu tuskizane. Kila nikiposti bastola ya bolti mnakuja na ile ile: "Si anunue tu bunduki ndefu?" Hiyo ni kama kumwambia mkimbiaji wa mita 800 apande boda.

Remington walitoa XP-100 huko Marekani mwaka wa 1963. Risasi ni moja moja: fungua bolti, weka, funga, tulia. Hakuna kumwaga risasi kama kwa gemu. Kwa mashindano ya IHMSA unalenga wanyama wa chuma: kuku mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kondoo dume 200. Na lazima aanguke. Kumgusa tu si pointi.

Ndio maana mtu hujengewa yake na fundi: mtutu mpya, mshiko wa saizi ya mkono wake, triga laini. Hakuna kitako cha kuegemeza begani. Ukitetemeka kidogo hapa, kule mita 200 umekosa kabisa.

Kosoeni bei. Kosoeni sheria za bunduki za Marekani, hapo hata mimi niko na maneno. Lakini msiite upuzi kitu kinachodai subira. Ule ugumu ndio mchezo wenyewe.