WAUZA HASIRA SI WALIMU WETU

Shukrani zote njema anazistahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, kuna jambo limeingia katika safu zetu kimyakimya, nasi tumeona si halali kulinyamazia. Siku ya Ijumaa, swala ikimalizika, vijana wetu hukaa barazani vikundi vikundi wakitazamishana simu. Wanachotazama si darsa wala mawaidha. Ni vipande vya video vya watangazaji wa kihafidhina wa Marekani na Kanada, vilivyowekewa maandishi ya Kiswahili, mtu amevaa tai anapiga meza na kuwalaani wapinzani wake. Na kijana wetu humalizia kwa kusema: "Huyu si Muislamu, lakini kasema kweli." Hivi karibuni tulimsikia khatibu, tena tunayemheshimu, akiyataja juu ya mimbari maneno ya mmoja wa watangazaji hao kana kwamba ni riwaya iliyothibiti. Hapana aliyeuliza: aliyesimulia ni nani, na hali yake ni ipi?

Nasi tunauliza. Aya ya sita ya Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari anapotujia nayo fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Maulamaa wetu wa hadithi walijenga juu ya msingi huo elimu kamili ya kuwapima wapokezi. Basi ni ajabu iliyoje kwamba umma uliowapima wapokezi wake mmoja mmoja, kwa jina na kwa mwenendo, leo unapokea habari kwa mtu asiyemjua kwa sababu tu amesema linalotupendeza!

BIASHARA ILIANZAJE?

Tuanze na asili ya jambo. Tangu mwaka 1949 Marekani ilikuwa na kanuni iliyovitaka vituo vya redio na televisheni, vinapojadili mambo yenye mzozo, vitoe nafasi kwa rai zinazopingana. Agosti 1987, katika utawala wa Ronald Reagan, tume inayosimamia mawasiliano iliifuta kanuni hiyo. Agosti 1988, mtangazaji Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima: saa tatu kila siku ya kazi, sauti moja, rai moja, bila wa kumjibu. Kipindi kikapata wasikilizaji kwa mamilioni na fedha nyingi, na wengi wakamuiga. Oktoba 1996 tajiri Rupert Murdoch akaanzisha televisheni ya Fox News na kumkabidhi Roger Ailes, aliyekuwa mshauri wa Nixon, Reagan na Bush mkubwa katika kujinadi kwa wapiga kura. Yaani aliyepewa kuongoza chumba cha habari alikuwa bingwa wa kampeni.

Ndugu zangu, lifahamuni hili vyema. Watu hawa wanauza kitu, na wanachokiuza ni hasira. Aliyekasirika habadilishi stesheni. Hungojea kesho aambiwe adui wa leo kafanya nini tena. Kwa hiyo kila siku lazima apatikane adui: leo mhamiaji, kesho mwalimu wa shule, keshokutwa Muislamu. Muuzaji hajali ni nani maadamu soko halijalala. Na nyinyi mnaomshangilia siku anapomtukana adui yenu, mnamnunulia mafuta ya moto utakaowafikia.

MPOKEZI HUYU HALI YAKE NI IPI?

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2020, watangazaji kadhaa wa Fox walirusha madai kwamba mashine za kampuni ya Dominion, iliyoasisiwa Toronto nchini Kanada, zilitumika kuiba kura. Kampuni ikaenda mahakamani huko Delaware. Katika shauri hilo zilitolewa barua na ujumbe wa simu wa wafanyakazi na wakuu wa televisheni ile. Nini kilionekana? Baadhi ya watangazaji wakubwa na wakuu wao walikuwa wakiambiana faraghani kwamba madai yale ni upuuzi, huku hewani yakiendelea kurushwa. Walichokihofu ni watazamaji kuwakimbia na kuhamia kwa washindani wao. Murdoch mwenyewe alikiri katika ushahidi wake wa kiapo kwamba baadhi ya watangazaji wake waliyaunga mkono madai hayo. Machi 2023 jaji aliamua kwamba yaliyosemwa juu ya Dominion hayakuwa kweli, na Aprili 18, 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5 ili shauri liishe.

Wala si hilo tu. Mwaka 2020 mtangazaji Tucker Carlson, aliyekuwa wakati huo nyota wa Fox, alihusishwa katika kesi ya kashfa. Mawakili wa televisheni yake mwenyewe walijitetea kwamba mtazamaji mwenye akili timamu hawezi kuyachukua maneno ya kipindi kile kama habari za hakika, na jaji wa shirikisho huko New York akaukubali utetezi huo na kuitupa kesi. Subhanallah! Mawakili wake wanasema msimsadiki, nasi tunamsadiki kutoka upande huu wa bahari!

Tulipokuwa tukisoma mustalahi ya hadithi tulifundishwa kwamba anayemzulia Mtume (s.a.w.) hadithi yake ni ya kubuniwa, na hutupwa. Tukafundishwa pia daraja inayofuatia: mtu anayejulikana kwa uongo katika mazungumzo yake na watu, hata kama hakupatikana akimzulia Mtume. Huyo naye huitwa matruku, aliyeachwa, na riwaya yake haipokewi. Basi kwa mizani hiyo, anayesema hewani asichokiamini faraghani tumweke daraja gani?

USIKU WA QUEBEC

Huenda mtu akasema: hayo ni magomvi yao, sisi yatuhusu nini? Tumkumbushe usiku wa Januari 29, 2017. Katika msikiti wa Kituo cha Utamaduni wa Kiislamu cha mji wa Quebec, Kanada, waumini walikuwa wamemaliza swala ya isha. Akaingia mtu mwenye bunduki akawapiga risasi. Watu sita walikufa, wengine wakajeruhiwa vibaya. Muuaji alikuwa kijana mzaliwa wa jimbo lile lile, aliyejisalimisha kwa polisi usiku ule ule.

Katika saa za mwanzo polisi walimkamata pia kijana mwenye asili ya Morocco. Kosa lake lilikuwa lipi? Alikuwa akimsaidia majeruhi, na alipoona mtu mwenye silaha akadhani ni muuaji amerudi, akakimbia. Siku iliyofuata polisi walitangaza kwamba ni shahidi, si mtuhumiwa. Ni kweli vyombo vingi vilikosea usiku ule kwa haraka. Lakini Fox News iliuacha katika ukurasa wake ujumbe uliosema mtuhumiwa ana asili ya Morocco hata baada ya polisi kusahihisha, mpaka ofisi ya waziri mkuu wa Kanada ilipoandika barua kutaka uondolewe. Ndipo ukaondolewa. Wakati huo umekwishasambazwa mara ngapi? Maiti za Waislamu hazijazikwa, na Muislamu aliyeokoa anaitwa muuaji!

Tena mahakamani ikaja kubainika kwamba muuaji alikuwa akizipekua mara kwa mara kurasa za wachambuzi na watangazaji wa kihafidhina wa Marekani. Hatusemi kwamba wao ndio waliomtuma. Dhulma ni haramu hata kwa asiyekupenda, na mwenye kubeba bunduki hubeba dhambi yake. Lakini anayemwaga petroli kila jioni asijidai kustaajabu nyumba inapowaka.

WATASEMA: "LAKINI WANATETEA FAMILIA"

Hii ndiyo hoja kubwa ya ndugu zetu, na haifai kuipuuza. Wanasema: wahafidhina hawa wanataka mzazi awe na kauli juu ya mafunzo ya mwanawe. Ni kweli. Juni 2025 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji sita wa kihafidhina dhidi ya watatu, iliwapa haki wazazi wa jimbo la Maryland, Waislamu na Wakristo, waliotaka watoto wao waruhusiwe kutoka darasani vinaposomwa vitabu vinavyopingana na dini zao. Tumefurahi. Aya ya nane ya Suratul Maida inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu, basi anayestahiki sifa tumsifu. Na hatujasahau kwamba George W. Bush, rais wa chama hicho hicho, aliingia katika kituo cha Kiislamu cha Washington siku sita tu baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001 na kuwakataza watu wake kuwadhuru Waislamu.

Lakini kukubaliana na mtu katika jambo moja ni kitu kimoja, na kumfanya mwalimu wa mambo yote ni kitu kingine. Tazameni yaliyowapata ndugu zetu wa Michigan. Mwaka 2024, kwa uchungu wa Gaza na kwa hoja hiyo hiyo ya familia, baadhi ya viongozi wa Kiislamu walisimama jukwaani na Donald Trump, na katika mji wa Dearborn akapata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Huyu ndiye aliyetaka Desemba 2015 Waislamu wote wazuiwe kuingia Marekani, na Januari 2017 akawafungia mlango watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo. Januari 2020 orodha ikapanuliwa hadi Tanzania, wananchi wetu wakanyimwa bahati nasibu ya viza za ukaazi mpaka amri ilipofutwa Januari 2021. Je, baada ya kura zile za 2024 mlango ulifunguliwa? Juni 2025 amri mpya ikatoka, na Somalia imo. Desemba 2025 rais huyo akawaita Wasomali wa Marekani takataka, mbele ya mawaziri wake na kamera zikirekodi.

Au mtazameni Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, Muislamu aliyechaguliwa Novemba 2025 kuwa meya wa New York. Tunatofautiana naye katika mengi, na si kazi yetu hapa kumtetea. Lakini aliposhindaniwa, walimjibu kwa sera zake tu? Oktoba 2025, katika redio moja ya mji huo, mtangazaji wa kihafidhina alidai hewani kwamba likitokea shambulio jingine kama la Septemba 11, Mamdani angeshangilia. Kwa ushahidi gani? Jina lake na dini yake!

Na hao wanaompenda Carlson leo kwa sababu tangu aondoke Fox Aprili 2023 ameikosoa vita ya Gaza, wajue kwamba Machi 2019 zilifichuliwa kanda za redio ambamo aliwafananisha Wairaqi na nyani. Amesema baadaye kwamba anajutia kuunga mkono vita ya Iraq. Mlango wa toba u wazi, na toba yake ni baina yake na Mola wake. Kumpokelea habari ni jambo jingine, nalo lataka muda na ushahidi.

Wala tusieleweke kwamba tunawaita watu wahamie upande wa pili. Magazeti ya kiliberali nayo yana madeni yao. Gazeti la New York Times lilichapisha kabla ya vita ya Iraq ya 2003 habari za silaha za maangamizi ambazo hazikuwepo, na halikukiri mapungufu yake mpaka Mei 2004, Baghdad imekwishaanguka mwaka mzima nyuma. Mizani ni moja kwa wote.

TUJIREKEBISHE SISI KWANZA

Ndugu Waislamu, neno la mwisho ni letu wenyewe. Tunamlaumu mtangazaji wa New York, je, sisi katika makundi yetu ya simu tunafanya nini? Ni habari ngapi tumezisambaza juu ya jirani, juu ya sheikh wa msikiti wa pili, juu ya watu wa dini nyingine, bila kujua chanzo chake? Ikidhihirika ni uongo, nani kati yetu amerudi kwa wale wale aliowapelekea akasema "nilikosea"? Fox ililipa mamilioni ya dola. Deni letu litalipwa siku isiyo na dinari wala dirhamu.

Basi tunawausia mambo matatu. Kwanza, khatibu asipandishe mimbarini habari asiyoijua mpokezi wake, kwani mimbari ni amana. Pili, walimu wa madrasa wawafundishe vijana kuuliza: nani kasema, kaipata wapi, na anapata nini nikimwamini? Mtoto wa miaka kumi anaweza kulijua swali hilo. Tatu, aliyesambaza uongo ausahihishe pale pale alipousambaza, na kwa sauti ile ile.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuoneshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, awarehemu waliouawa Quebec wakiwa wametoka katika sijida, na azilinde ndimi zetu na simu zetu.

Wabillahi tawfiq.