Oili ni ya mwenye nduthi, macho ni yako

Wacha niseme ukweli kabla mtu mwingine wa mtaa aniseme: nduthi ya brathe yangu haikuuawa na barabara mbaya wala fundi mbaya. Niliiua mimi. Na siku hiyo nilikuwa nimeiosha ikang'aa.

Iko hivi. Brathe alichukua nduthi kwa mkopo, mchana anabeba watu hapa Umoja. Jioni mimi naichukua, napeleka oda za chakula Donholm na Buruburu. Nikirudi nampea zake, zangu nanunua bando za kupost video. Miezi minne tukaenda hivyo. Mimi nikijua oili ni kazi ya mwenye nduthi. Yeye akijua nikiona shida nitasema. Hakuna kati yetu aliyewahi kufungua kile kifuniko.

Jioni moja nikiwa Outering Road, injini ikaanza kugonga kama mtu anabisha mlango wa mabati. Nikaongeza muziki. Dakika chache baadaye ikashika, tairi ya nyuma ikagoma kuzunguka, karibu nimwagike mbele ya matatu. Kesho yake tukaipeleka kwa fundi Kariobangi, pale Light Industries. Oili aliyotoa haingejaza kikombe cha chai. Akatuuliza kitu moja tu: "Nyinyi vijana, nani huangalia oili?" Tukaangaliana.

Pistoni, ringi, silinda, zote mpya. Wiki tatu nduthi imelala, lakini mkopo haulali. Mathe ndiye alitoa pesa yake ya chama kutulipia. Hapo ndipo inaniuma, si kwa chuma.

Najua utasema nilichomwambia fundi: "Lakini haikuwa inavuja!" Sasa sikia. Injini inaweza kuchoma oili kidogo kidogo, hasa ringi zikianza kuisha, na usione hata doa moja chini. Hizi nduthi zetu nyingi hupozwa na hewa. Ukiwa kwa jam ya Jogoo Road na abiria wawili nyuma, hewa yenyewe hakuna, na oili ndiyo inasaidia kubeba joto. Tena oili hiyo hiyo moja inalainisha injini, giaboksi na klachi. Na yote ni kama lita moja tu. Ikipungua nusu lita, umebaki na nusu ya damu, na nduthi nyingi za huku hazina taa ya kukuambia.

Kuangalia hakuhitaji fundi. Washa injini dakika tatu hivi, zima, ngoja dakika mbili oili ishuke. Weka nduthi kwa stendi kubwa, mahali pa usawa. Ikiegemea stendi ya pembeni itakudanganya. Kama ina kidirisha pembeni mwa injini, oili ionekane kati ya alama mbili. Kama ni ya kijiti, kitoe, pangusa na kitambaa safi, kirudishe bila kukaza nyuzi, kisha kitoe usome. Nyingi husomwa hivyo, lakini thibitisha kwa kitabu cha nduthi yako. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo ukipima tena. Usijaze hadi pomoni, kuzidi pia kunaumiza injini. Usiweke oili yoyote ya gari uliyopata kwa nyumba, zingine hufanya klachi iteleze. Kwa chupa tafuta maandishi JASO MA. Na ukiona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya kupita mafuriko, maji yameingia. Usiwashe, ita fundi.

Sasa kwa ile vita ya kila steji. Dereva anasema, "Nduthi si yangu, mimi napeleka hesabu ya tajiri." Tajiri anasema, "Wewe ndio unaendesha." Naelewa dereva. Ukishatoa hesabu, petroli na chakula, kuambiwa ununue oili na kile kidogo kimebaki ni dharau. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: pesa ya oili itoke kwa mwenye nduthi, na wakubaliane hivyo siku ya kwanza, kabla ya ufunguo kubadilisha mikono. Lakini macho ni ya anayeendesha. Tajiri hawezi kuona kijiti akiwa nyumbani kwake Komarock. Na injini ikinoki, yeye amepoteza chuma, lakini wewe ndio utaamka kesho bila kazi.

Tunanunua stika, taa za rangi, spika za kuamsha ploti mzima. Sina shida na hizo, hata mimi niko nazo. Shida ni kwamba tunapamba nduthi tusiyoijua ndani.

Siku hizi brathe anaangalia kabla atoke asubuhi, mimi naangalia kabla nitoke jioni. Nampigia kijiti picha, namtumia. Hajibu, anaweka tu dole gumba. Mathe bado hatujamaliza kumrudishia.

Kesho, kabla ya mteja wa kwanza, toa kijiti. Kama nduthi si yako, toa mara mbili.